Watani wa Wasokota

Rehema alinipigia simu asubuhi nikiwa uani kwangu, hapa Chanika ya Handeni, nachambua mchele, na kama kawaida yake hakuzunguka. "Mwanaidi, Mama Fide ametutoka jana. Mazishi ni kesho saa tisa alasiri, nyumbani kwake Makuyuni. Sasa usije ukakaa kwenye mkeka ukalia kama wenzako. Wewe una kazi pale." Nikamwambia najua. "Najua unajua," akasema, "ila nakufahamu, utachelewa." Akakata. Nikabaki na ungo mapajani, machozi yananitoka na huku nacheka, mpaka mjukuu wangu akauliza, bibi, umetafuna kijiwe? Nikamwachia mchele amalizie. Nikaingia chumbani, nikalivuta sanduku la bati kutoka mvunguni, na chini kabisa, chini ya vyeti na kanga za heshima, nikalikuta daftari la kaunta lenye jalada lililoliwa na mende pembeni. Juu yake Fidelis aliandika kwa herufi kubwa, miaka thelathini na kitu iliyopita: WATU WA NG'AMBO YA PILI. Ndani yake mna makabila matatu ya watu ambao hawajawahi kukanyaga dunia hii. Moja ni la Rehema, moja ni langu, na la tatu alilitunga marehemu mwenyewe huku akimenya karanga. Ahadi niliyompa Mama Fide nayo imeandikwa humo, kwa mkono wangu, na kesho yake ilikuwa siku ya kuitimiza.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Nyumbani waliona kijana wa kike anayesubiri ni hatari, basi wakanipeleka Makuyuni ya Korogwe kwa mama mdogo, aliyekuwa fundi cherehani, nikajifunze kushona. Nilishona zipu ya mteja ikafungukia mgongoni badala ya mbele, na tangu siku hiyo mama mdogo alinituma zaidi sokoni kuliko kwenye cherehani. Nyumba ya jirani, iliyotenganishwa na yetu na ua wa minyaa, ndiyo ya Mama Fide. Mwanamke mnene, mweusi wa kung'aa, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Alikaanga karanga kwa mchanga kwenye kikaango kikubwa cha chuma, akazifunga katika vifuko vya karatasi vyenye ncha alivyovisokota mwenyewe kwa vidole viwili, akaziuza kwenye mabasi yaliyosimama barabara kuu. Mwanawe Fidelis alikuwa rika langu, kamaliza shule kama mimi, mrefu, mkimya, anasoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa saruji. Chumba cha uani Mama Fide alikuwa amempangisha Rehema, binti wa Vugiri aliyeshuka mlimani kusomea upigaji chapa mjini Korogwe. Alikuwa akirudi na basi la saa kumi, vidole vina wino, anadai chakula.

Nilifika wiki ileile waliyomzika babu yake Fidelis, Mzee Anton. Mzee huyo alikuja zamani kutoka kusini kabisa kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kadi yake ya kazi waliikuta ndani ya kitabu chake cha sala. Alioa mwanamke wa magharibi aliyekuja na wazazi wake kwa kazi hiyohiyo. Binti yao, Mama Fide, akaolewa na mtu ambaye baba yake alitoka upande mwingine na mama yake upande mwingine tena. Matokeo yake nyumba nzima ilizungumza Kiswahili tu, na Fidelis ukimuuliza kabila lake anajibu, "Sisi wa mkonge." Mimi msiba wao ulinishangaza. Kwetu Handeni, bibi yangu alipofariki, watani wetu Wanyamwezi walivamia matanga wakachukua fimbo ya marehemu. Mmoja akatembea anachechemea kama yeye, analalamika kwa sauti yake kwamba chai haina sukari, wakakaa kwenye njia wakasema maiti haipiti mpaka walishwe. Mama yangu alilia na kucheka kwa wakati mmoja, na nadhani kucheka kule ndiko kulikomsimamisha. Kwa Mzee Anton kwaya iliimba vizuri, katekista akasali, watu wakafukia, wakala, wakaaga. Hakuna aliyefanya fujo hata kidogo. Utani unakwenda kwa kabila, na wao kabila lao halikujulikana ni lipi, basi hakuna mtu aliyeona kazi hiyo inamhusu.

Nikiwa nyuma ya jiko nasugua masufuria kwa majivu, nilimsikia Mama Fide akizungumza na mama mdogo. "Umeona kimya kile, dada? Baba alikuwa mcheshi, na kazikwa kama mgeni aliyefia njiani. Na mimi ndivyo nitakavyokwenda. Nani atakuja kunicheka mimi?" Mama mdogo, ambaye kila jambo humkabidhi Mungu, akamwambia Mungu yupo. "Yupo," akajibu Mama Fide, "ila hana utani." Wakacheka wote wawili, kisha nikasikia mmoja anapenga kamasi, na sikujua ni yupi.

Kitabu kililetwa na Fidelis. Shuleni kwao kulikuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka nje ambaye alipomaliza muda wake aliacha boksi la vitabu, kila mwanafunzi achukue kimoja. Wenzake wakagombea vya hesabu. Fidelis akachukua kimoja cha Kiingereza kwa sababu ya picha ya jalada, mtu mwenye upanga anazungumza na jiwe. Kilikuwa kitabu cha mchezo. Alitueleza sebuleni kwao, chini ya kalenda ya parokia, mimi na Rehema tumekaa kwenye mkeka na yeye kwenye kiti cha marehemu babu yake, kile cha kamba za katani kilichobonyea katikati. Mmoja wetu atakuwa msimulizi, akasema, atatuambia tupo wapi na nini kinatokea. Wengine kila mtu anakuwa mtu fulani wa nchi hiyo ya kubuni, anasema anafanya nini, halafu dadu inaamua kama amefaulu. Rehema akauliza nani anashinda. Hakuna anayeshinda, mnaendelea tu. "Kama maisha ya ndoa," akasema Mama Fide kutoka jikoni, ambaye tulidhani hasikilizi.

Dadu za kitabuni zilikuwa na pande nyingi za ajabu. Sisi tulikuwa na mbili za ludo, moja imetafunwa na mbwa. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba sura ya pili, iliyoeleza aina za watu wanaoishi katika nchi hiyo, haikuwepo. Kurasa zilikwenda kumi na nne, kisha arobaini na tatu. Fidelis alivigeuza vitanda, akamshuku panya, akamshuku Rehema, mwishowe akasimama mlangoni mwa jiko. "Mama, kuna karatasi za kitabu changu umeziona?" Mama Fide akaendelea kukoroga mchanga wake. "Zile laini, nene? Zilikuwa nzuri sana, hazipitishi mafuta." Aliziuza. Karanga za wiki mbili zilikuwa zimefungwa humo, na aina zote za watu wa nchi ile zilikuwa zimepanda mabasi, zimekwenda Arusha na Dar es Salaam, zimetupwa madirishani. Fidelis alikaa kwenye kizingiti kama aliyepigwa. Mama yake akamwangalia, na nikaona huruma inamwingia. "Nakumbuka mmoja," akasema. "Alikuwa na masikio yamechongoka, kama majani ya mhindi. Sura ya kujisikia. Basi usinune, baba. Mimi ndiye niliyewauza hao, nitawasaidia kutafuta wengine."

Ndivyo tulivyoanza kutunga watu. Rehema alitangulia, kwa kuwa hana subira. Watu wake waliitwa Wakungu, wafupi, nyayo pana, wana manyoya laini masikioni na pua inayonusa njia katika ukungu mzito. Hawapotei kamwe, ila wakipigwa na jua la mchana wanasinzia hata wakiwa wanatembea. Nikamwambia hao ni ndugu zake wa Vugiri watupu, amewaongezea manyoya tu. Akanijibu kwamba na mimi nikatunge ndugu zangu wa nyika basi, tuone. Nikatunga Wakame, watu wa nchi isiyo na maji. Magoti yao yanakunjika kwa nyuma, shingoni wana mfuko wa ngozi wa kuhifadhi maji ya siku saba, na mvua wanaisikia harufu siku tatu kabla haijafika. Wanasema sana, wanajivuna, na popote wanapokwenda wanachelewa kwa sababu hawapiti mtu bila kumsalimu mpaka mbuzi wake. Aliyebeba madumu Handeni mwezi wa kiangazi atajua mfuko wa shingoni niliutoa wapi.

Kitabu kilitaka uandike urefu wa watu hao, nguvu zao, silaha zao na lugha. Fidelis akachora jedwali safi kwa rula. Tulipomaliza Rehema akaangalia, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Na watani wao?" Tukaangaliana. Kitabu kizima, kurasa mia mbili, hakikusema popote watu hawa wanataniana na nani, nani anaweza kuingia jikoni kwa nani bila hodi, nani anavuruga msiba wa nani. Mimi nikasema labda walikuwa kwenye zile kurasa za karanga. Fidelis akaongeza safu ya tano kwa rula ileile na kuandika juu yake WATANI. Wakungu na Wakame tukawafanya watani palepale, kwa sababu mimi na Rehema tulikwisha tukanana nusu saa nzima. Ikawa sheria yetu ya kwanza: kabila halitambuliki mpaka liwe na watani.

Tulicheza Jumamosi na Jumapili, baada ya chakula cha mchana. Mama Fide alipika bada, ule ugali wetu wa muhogo unaonata mkononi, pamoja na perege wa mtoni au mboga ya mchunga iliyotiwa karanga zilizosagwa, na tulikula kwa haraka ili sahani zitolewe tuweke daftari. Fidelis, mtu ambaye kumtoa salamu ilikuwa kazi, akiwa msimulizi alibadilika kabisa. Alikuwa mlinzi wa daraja mwenye kikohozi, akawa mbuzi mwenye madai, akawa mwanamke anayeuza usingizi kwa kibaba. Mkame wangu aliwahi kukosa vita vizima kwa kumsalimu mlinzi, kisha ukoo wa mlinzi, na nilipofika wenzangu walikuwa wameshashindwa na wamekaa wanafunga vidonda. Mama Fide alipita na ungo wake, akasimama mlangoni, akatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. "Huyo nyoka msimpige. Muulizeni kwanza kama amekula." Tulimuuliza. Alikuwa hajala, na tukavuka.

Shida ilikuja Rehema alipotaka na yeye awe msimulizi. Hapo Fidelis ilimbidi awe mchezaji, na mchezaji lazima awe na watu wake. Akakataa yote. Si Mkungu, si Mkame. "Mimi niandikeni mpita njia," akasema. Nikamwambia mpita njia si kabila. "Ndiyo hivyo," akajibu, akainama kuchonga penseli ambayo ilikuwa imechongoka. Rehema alinikonyeza nisiendelee, lakini mdomo wangu umekuwa ukinitangulia tangu nikiwa mtoto. Nikaamua kumtungia kabila mimi mwenyewe, iwe zawadi ya ghafla, nikalifanyia kazi wiki nzima nikiwa nimejificha kwenye chumba cha cherehani. Nililifurahia sana, na ndiyo sehemu inayoniumiza mpaka leo, kwamba nililifurahia.

Jumapili wametoka kanisani, tumekula, Mama Fide bado yupo na sisi anachokonoa meno. Nikasimama nikasoma. Watu hawa wanaitwa Wamkonge. Hawana babu wala bibi. Walitoka kwenye mashimo ya makapi ya kiwandani, mashine iliwatema. Vidole vyao ni miiba. Hawana majina, wanaitwa kwa namba, na king'ora kikilia wanasimama wote hata wakiwa wanakula. Nilisoma kwa mbwembwe, naigiza king'ora na jinsi wanavyosimama ghafla, nikingoja kicheko. Rehema alikuwa anaangalia mkeka. Fidelis aliangalia ukutani, pale ilipotundikwa picha ya Mzee Anton ikiwa bado na ua la karatasi la msiba. Mama Fide akanyanyuka, akakusanya sahani taratibu, moja juu ya nyingine, akasema, "Haya, watoto, mimi nina karanga," akatoka. Fidelis akalifunga daftari. Hakunitukana. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Mama mdogo alinibana siku hiyohiyo mpaka nikamwambia. Aliacha kukanyaga cherehani. "Wewe ni mtani wao?" akauliza. Nikasema hapana. "Sasa nani alikupa ruhusa? Maneno hayohayo yangetoka kwa mtani wangecheka mpaka washike mbavu. Kwako wewe ni matusi, na umeyatoa wakati baba wa watu udongo wake haujakauka." Nilibisha kwamba ni mchezo tu. Akaniambia hata utani wa msibani ni mchezo, na una wenyewe. Siku nne sikuvuka ule ua wa minyaa. Sauti ya Mama Fide niliisikia barabarani, "Karanga, karanga za moto, tafuna usisinzie," na kila nikiisikia nilishona kombo zaidi. Rehema alipita akitoka kwenye basi lake la saa kumi, akanirushia maneno juu ya ua kwamba Fidelis anasema mchezo umekwisha, daftari kaliweka juu ya dari.

Siku ya tano Mama Fide aliniita mwenyewe. "We Mwanaidi, njoo umenye." Nikaenda, nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akanisukumia ungo wa karanga. Tukamenya, maganda yanapasuka. Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri ya kuomba radhi, yakanikauka yote, nikasema tu, "Mama, nimekosa." Akaitikia kwa kichwa. "Umekosa, ndiyo. Umetutania na wewe si mtani wetu. Nimefikiri sana, na kosa la namna hiyo naona lina dawa moja." Nikauliza dawa gani. "Uwe mtani." Akamwita Fidelis alete lile daftari, na kalamu anipe mimi. Fidelis alishuka nalo kutoka darini likiwa na vumbi, akaliweka mbele yangu, akasimama mlangoni amekunja mikono.

"Andika," akasema Mama Fide. "Wanaitwa Wasokota. Hakuna anayezaliwa Msokota. Wanakuja mmojammoja, kila mtu na kwao, kila mtu na uzi wake. Wakishakula chungu kimoja msimu mzima wanasokotwa pamoja, na baada ya hapo huwezi tena kujua uzi huu ulitoka kusini na huu ulitoka magharibi, na ukitaka kuutoa mmoja lazima ufumue kamba yote." Alizungumza huku vidole vyake vinasokota kipande cha karatasi, sidhani kama alijua. Wana vidole virefu vyenye viungo vinne, akasema, na viganja ambavyo miiba haiviingii, na nywele nyeupe tangu utotoni. Kiunoni kila mmoja amevaa kamba, na kila mtu anayemlisha humwongezea uzi mmoja. Nilifika kwenye jedwali nikasita, kisha nikauliza kwa woga, "Na namba, mama?" Akafikiri. "Namba wanazo. Si za tajiri wa shamba lakini. Namba ya Msokota ni nyuzi alizonazo kwenye kamba yake. Baba yangu alikuwa na nyingi, usimwone vile." Fidelis akiwa pale mlangoni alinitolea neno la kwanza tangu Jumapili. "Wanawasha moto kwa viganja," akasema. "Wakisugua." Mama yake akaniambia niandike na hilo.

Ikabaki safu ya tano. "Wakame," akasema Mama Fide, "na mkataba wenyewe ni huu. Mkame anaingia jikoni kwa Msokota bila hodi, anafunua chungu, anakula. Msokota akimkamata anamfunga kamba, na hamfungui mpaka Mkame akiri mbele ya watu kwamba yeye ni mwongo na mchelewaji. Na Msokota akifa," hapa akaniangalia kwa mara ya kwanza siku hiyo, "Mkame lazima aje. Sitaki kimya mimi. Avae nguo zangu, aseme kwa sauti yangu, anicheke mpaka watu wasahau wamekuja kulia. Utakuja?" Nilikuwa na miaka kumi na minane na mtu mwenyewe yuko mbele yangu amejaa afya, karanga mdomoni. Nikasema nitakuja, nikacheka. "Usicheke, andika," akasema. Nikaandika: Mwanaidi, Mkame, atakuja. Akanisukuma begani, nikajua nimesamehewa. Fidelis alikwenda ndani, akarudi na kipande cha kamba ya katani, akanifunga mguu kwenye kigoda kwa kosa la kuonja karanga, na alinifungua baada ya mimi kukiri makosa mengine mawili ambayo sikuyatenda.

Miezi iliyobaki ilikuwa ya raha tupu. Rehema aliyapiga chapa makabila yote matatu kwenye mashine ya chuoni, akidai ni zoezi. Mimi nilifunua vyungu vya Mama Fide kwa haki yangu, na mama mdogo alipogombeza nilimwambia aangalie safu ya tano. Mwisho wa mwaka nafasi yangu ya ualimu ilipatikana, Rehema akarudi mlimani na cheti chake, Fidelis akaenda kusomea upimaji ardhi, na akafanya kazi hiyo mikoani, mbali. Mchezo hatukuucheza tena, na daftari nikabaki nalo mimi. Utani ulibaki. Kila nilipopita Makuyuni, hata nikiwa mke wa mtu, hata nikiwa mwalimu mkuu na miwani, niliingia kwa Mama Fide kupitia jikoni na sikupiga hodi. Aliniita mtani mbele ya wakwe zake. Wakwe walidhani ni jambo la ukoo, na hakuna aliyewaeleza vinginevyo.

Siku ya mazishi nilitoka Chanika alfajiri, na bado nilichelewa. Nilipitia Korogwe kutoa nakala za ule ukurasa wa Wasokota, umeme ukakatika, nikasubiri mpaka saa nane mchana na ndoo yangu ya karanga nilizokaanga mwenyewe. Kwenye gari nilizisokota nakala hizo mapajani ziwe vifuko, vingine vikatoka kama soksi, sikuwahi kuiweza ile kazi yake. Nilifika uani wakati watu wamekwisha kaa, jeneza liko chini ya turubai, kwaya imenyamaza, ni kimya kilekile alichokikataa. Rehema alikuwa kwenye mkeka na kabichi zake za mlimani nyuma yake. Aliponiona akainua mkono kuangalia saa ambayo hakuivaa. Nikaingia jikoni bila hodi. Kanga yake ya biashara ilikuwa bado kwenye msumari, na kitambaa cha kichwa, na ule ungo. Nikavaa. Vilikuwa vinanuka karanga na moshi, na hapo nilitaka kukaa chini nilie, mtu mzima mimi. Nikatoka.

"Karanga, karanga za moto, tafuna usisinzie. Wewe baba mwenye suti, mbona umenuna, mke kakunyima? Katekista, sala yako ndefu, chukua karanga upate nguvu za kumalizia." Nilitembea kwa mwendo wake, kiuno kinatangulia, nikampa kila mtu kifuko. Nikasimama kwenye jeneza. "Na huyu aliyelala saa tisa mchana ni nani? Mama Fide? Si ndiye aliyeuza watu thelathini wa kitabu cha mwanawe kwa bei ya karanga? Hamzikwi huyu mpaka awarudishe." Hakuna aliyecheka. Wengi walikuwa watoto nilipoishi pale, hawakunijua. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Nikamtafuta Fidelis. Alikuwa mstari wa mbele, nywele nyeupe kichwa kizima, uso umekaza, akanitazama, akanyanyuka, akaingia ndani ya nyumba. Nikajiona tena sebuleni nimesimama na daftari langu, Wamkonge, king'ora, na yeye anaangalia ukuta.

Akatoka na kamba. Ilikuwa ya kile kiti cha babu yake, nikaitambua kwa fundo. Alikuja mpaka nilipo, mpima ardhi mzima na tai shingoni, akapiga magoti kwenye mchanga akanifunga mguu kwenye benchi la kwaya. "Mkame," akasema kwa sauti ambayo ua mzima uliisikia, "mazishi saa tisa, unakuja saa tisa na nusu. Kiri." Nikakiri kwamba mimi ni mwongo na mchelewaji, nilikuwa nawasalimu mbuzi wa njiani. Rehema akaanza kucheka kwanza, akafuata katekista, kisha ikawa kila mtu, na Fidelis akiwa bado amepiga magoti alicheka mabega yakimtikisika, akaendelea kucheka hata ilipokuwa si kicheko tena, na mimi nikamshika kichwa. "Alikuwa anauliza," akaniambia chini chini. "Mpaka wiki hii. Mtani wangu anajua kwamba nakaribia kwenda? Mmemwambia?"

Pembeni yetu alikaa mzee mmoja wa Makuyuni, mgeni kwangu, amekwisha fungua kifuko chake anatafuna. Alimvuta Fidelis koti. "Huyu mama ni nani wenu?" Fidelis akajifuta uso kwa tai. "Mtani wetu," akasema. "Ni Mkame." Mzee akaniangalia juu mpaka chini, akatikisa kichwa polepole kama mtu anayekumbuka mambo ya siku nyingi. "Wakame," akasema. "Nawajua hao. Wana maneno sana, ila kwenye msiba hawakosekani."